Mama alinishika mikono nikichapwa kanisani. Je, naye ana hatia?

Shangazi, hujambo?

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nimeolewa, na nina binti wa mwaka mmoja na nusu. Nashona nguo Eastleigh, nyumbani ni Kariobangi South. Mama yangu ameniomba jambo ambalo limeninyima usingizi, na nyuma ya jambo hilo yuko ndugu yangu mdogo ambaye bado anaishi mahali nilikotoroka.

Nilikulia ndani ya kanisa. Sisemi kwamba tulikuwa watu wa dini. Nasema tuliishi humo, tukalala humo, tukala humo. Wazazi wangu waliuza shamba aliloachiwa baba, pesa wakamkabidhi kiongozi, tukahamia kwenye boma lililozungushiwa mabati viungani mwa Nairobi pamoja na familia nyingine. Jina lake silitaji kwa sababu mahali penyewe bado papo. Shule hatukwenda. Tulifundishwa kusoma Biblia na kuhesabu, basi. Kwenda hospitali kulikuwa kukosa imani. Simu, redio na jamaa wa nje vyote viliitwa Misri. Shosho alipotoka kijijini kuja kututazama, mama aliongea naye langoni, kisha akarudishwa na kikapu chake.

Mtoto akizaliwa alipelekwa mbele, na baba na mama wakatamka mbele ya kusanyiko kwamba huyu si wetu tena, ni wa madhabahu, kama Hana alivyomtoa Samweli. Kuanzia siku hiyo nidhamu yake ilikuwa ya wazee. Kosa lilikuwa lolote: kucheka wakati wa maombi, kusinzia kwenye mkesha, kuuliza swali. Tulinyimwa chakula wakaita mfungo, hata watoto wadogo kabisa. Jumamosi jioni majina ya waliokosa yalisomwa. Mzee ndiye aliyechapa, lakini mzazi wa mtoto ndiye aliyetakiwa kumshika mikono. Mama alinishika. Nilikuwa namtazama usoni, naye alikuwa akiimba pambio pamoja na wengine.

Ndugu yangu anayenifuata alianguka kutoka juu ya tangi la maji akavunjika mkono. Waliuombea. Uliunga vibaya na mpaka leo haunyooki. Mimi nilitoroka nikiwa na miaka 19, yeye akatoka baadaye. Sasa anaendesha boda boda, na ukimtajia mama anainuka na kuondoka. Anasema yeye hana mama.

Mama mwenyewe alitoka mwaka juzi, alipopata uvimbe na wazee wakamkataza hospitali. Alitibiwa, akapona, sasa anakaa Umoja kwa dada yake. Lakini kitinda mimba wetu alibaki, kwa sababu walimwambia mtoto si wake, ni wa madhabahu. Ana miaka 11. Baba ni mmoja wa wale wazee.

Sasa mama anataka nimsamehe, aje akae kwangu amlee binti yangu nikiwa kazini, ili niache kumlipa yule mama jirani anayelea watoto mchana. Na anataka nisipeleke mambo ya boma kwa polisi, maana baba atafungwa, na pengine yeye pia. Nilipomuuliza kuhusu Jumamosi zile alinijibu, "Na mimi nilidanganywa. Nilikuwa mwathiriwa kama nyinyi. Mzazi akikataa kushika, viboko vilikuwa maradufu. Nilikuwa nakupunguzia."

Shangazi, neno hilo lilinimaliza, kwa sababu ni kweli, nilimwona mama mmoja akikataa na mwanawe akachapwa mara mbili.

Mwezi uliopita mtu aliyetoka huko alituambia kwamba ndugu yangu amekonda, analazimishwa kufunga chakula mara kwa mara, na kosa lake ni kumlilia mama. Mama alikuwapo akisikia. Alilia sana, kisha akasema mambo ya nyumba ya Mungu hayapelekwi kwa Kaisari, tumwachie Mwenyewe. Mchungaji wa kanisa ninalokwenda sasa ananikumbusha amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mume wangu anasema turipoti.

Mama ana hatia au naye ni mwathiriwa tu? Nikiripoti, si nitakuwa nimewafunga wazazi wangu? Na nimpe mtoto wangu amlee?

Binti wa Kariobangi

*

Binti yangu, pole.

Naanza na ndugu yako, kwa sababu maswali yako mengine yanaweza kungoja, yeye hawezi. Mtoto wa miaka 11 anayenyimwa chakula kwa kumlilia mama yake yuko hatarini leo. Ukimaliza kusoma aya hii piga 116. Ni nambari ya kitaifa ya kuwasaidia watoto, haikati pesa, inapokelewa mchana na usiku, na si lazima utaje jina lako. Waambie umri wake, boma liko wapi, yule mtu aliyetoka aliona nini na lini, na kwamba kuna watoto wengine. Usimwombe mama ruhusa. Usimpigie baba kumwonya, hata kama moyo unakutuma umpe nafasi ya kujirekebisha, kwa sababu watu wanaojua kwamba serikali inakuja wanaweza kuwahamisha watoto usiku mmoja, na mkaja kukuta mabati matupu.

Sasa tumzungumzie mama.

Nimelisoma mara nyingi lile neno lake, kwamba alikushika ili viboko visiongezeke. Namwamini. Wewe mwenyewe umethibitisha. Lakini jiulize kwa nini kiongozi yule alimtaka mzazi. Hakukosa vijana wenye nguvu wa kumshika mtoto. Mzazi aliyemshika mwanawe Jumamosi hawezi kwenda kituo cha polisi Jumatatu, maana atakuwa anajishtaki mwenyewe. Hawezi hata kumnong'onezea shosho langoni. Naye mtoto aliyemwona mama akimshika huku akiimba hajui tena amkimbilie nani. Kwa tendo moja wote wawili wamezibwa mdomo, na wazee hawana haja ya mlinzi. Bado linafanya kazi hata leo: mama ametoka bomani mwaka juzi, na kinachomzuia kumwokoa mwanawe ni hofu ya yale aliyofanyishwa huko.

Kwa hiyo ndiyo, mama alitumiwa. Naye akakuumiza. Hayo mawili hayafutani, na usikubali mtu yeyote akulazimishe kuchagua moja. Ninapomkatalia ni pale anaposema "kama nyinyi". Mama aliingia bomani akiwa mtu mzima. Alikuwa amekulia kwa shosho, amekula aliposikia njaa, anajua kuna maisha mengine nje ya mabati yale. Nyinyi hamkuwa na cha kulinganisha. Mlipoambiwa kwamba njaa ni utakatifu, mlikuwa hamjawahi kusikia kingine. Na uvimbe ulipomshika yeye, hospitali aliikumbuka. Simsuti kwa hilo, nashukuru yuko hai. Lakini mkono wa mwanawe ulikuwa umepinda mbele ya macho yake miaka mingi, na hilo halikumsukuma ampeleke hospitali.

Uzito haulingani kwa kila mzazi wa pale. Baba yako amekaa kwenye kiti cha wazee, na mfano wa mama aliyekataa akazidishiwa mwanawe viboko ulitengenezwa na watu kama yeye. Mama hakuwa na simu, hakuwa na nauli, shamba lilikuwa limeuzwa, na jamaa zake walirudishwa langoni. Miaka yake ya ndani naipima kwa huruma, na naona mahakama pia ingetaka kujua alikuwa na uwezo gani. Ila kuanzia siku aliyotoka kipimo ni kingine. Yuko Umoja, ana dada, ana simu, anaweza kutembea hadi kituo cha polisi. Amesikia kwa masikio yake kwamba mwanawe anakondeshwa kwa sababu ya kumlilia yeye. Kusema "tumwachie Mwenyewe" sasa, akiwa huru, ni uamuzi wake, na huo hakuna kiongozi aliyemshikia mikono.

Maadamu wanamtaja Hana, tuisome habari yake mpaka mwisho. Katika Samweli wa Kwanza, mlango wa pili, imeandikwa kwamba Hana alikuwa akimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka. Wewe ni fundi, unajua kanzu haishonwi bila kipimo. Mama yule alijua mwanawe amerefuka kiasi gani. Alimtoa kwa Mungu, naye akaendelea kuwa mama yake, na hakuna aliyemrudisha langoni. Kisha endelea na mlango huohuo. Nyumba aliyokabidhiwa Samweli ndiyo ambamo wana wa Eli, makuhani, walikuwa wakila sadaka za watu kwa nguvu na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni. Eli alijua. Aliwakemea kwa maneno, akawaacha madhabahuni. Hukumu inayotajwa katika mlango wa tatu haina maelezo marefu: aliujua uovu wao na hakuwazuia. Wanaolitumia jina la Samweli kufunga lango wangeanza kwa kutetemeka mbele ya aya hizo. Na mchungaji wako, ambaye naamini anakutakia mema, asiishie kwenye amri ya heshima. Waefeso 6 inawaagiza watoto wawatii na kuwaheshimu wazazi, na aya chache tu baadaye inawageukia akina baba na kuwakataza kuwachokoza watoto wao.

Sheria ya Kenya nayo haina madhabahu ya kumtolea mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya chakula, makao, matibabu na elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kulindwa dhidi ya dhuluma na kutelekezwa. Kinasema wajibu wa kumtunza ni wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la, na kwamba masilahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 29 kinakataza adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza mila na desturi za kidini zinazomdhuru mtoto, na inamhesabia kosa mwenye jukumu la kumlea akimpiga, akimtesa au akimnyima matunzo. Uhuru wa kuabudu umo katika Katiba hiyohiyo, kifungu cha 32, nami nautetea kwa moyo wangu wote. Unamruhusu baba yako afunge mwezi mzima akitaka. Haumpi tumbo la mtoto wa miaka 11.

Maneno waliyoyasema wazazi wako mbele ya kusanyiko, kwamba huyu si wetu tena, kwa sheria hayana uzito wowote. Mtu anaweza kumwomba jirani, mwalimu au shemeji amshikie mtoto. Wajibu unabaki kwake.

Najua tunachoogopa wote tukisikia habari za namna hii. Machi 2023 mhubiri Paul Mackenzie alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili waliodaiwa kuuawa kwa njaa na wazazi wao, akaachiliwa kwa dhamana. Aprili makaburi ya wafuasi wake katika msitu wa Shakahola, Kilifi, yakaanza kufukuliwa, na miili iliyopatikana ilipita 400. Februari 2024 yeye na wenzake walisomewa mashtaka ya mauaji ya watoto 191 katika Mahakama Kuu ya Malindi, wakakana. Nakukumbusha pia lililotokea Juni 2023: watu 65 waliookolewa msituni walifikishwa mahakamani kwa madai ya kujaribu kujiua, kwa sababu walikataa kula hata walipokuwa katika kituo cha uokoaji. Kwa hiyo simdharau mama anaposema alidanganywa. Mtu mzima anaweza kudanganywa mpaka akasukuma sahani ya chakula mbele ya aliyekuja kumwokoa. Lakini watoto 191 hawakuchagua mhubiri. Walipelekwa na watu waliokuwa wakiwaamini.

Na hilo la Kaisari. Huko Australia, Tume ya Kifalme iliyochunguza dhuluma za kingono dhidi ya watoto ilifungua majalada ya Mashahidi wa Yehova mwaka 2015. Ndani yake kulikuwa na majina ya watu 1,006 walioshutumiwa tangu 1950, na dhehebu halikuwa limempeleka hata mmoja kwa polisi. Tume hiyohiyo ilikuta makanisa makubwa nayo yakificha, kwa hiyo silinyoshei kidole dhehebu moja. Ninachotaka uone ni kwamba hata mahali ambapo watu ni waaminifu na wanapenda Mungu wao kweli, mambo ya watoto yakiamuliwa na wazee peke yao, mwenye kuumizwa hubaki ndani na mwenye kuumiza hubaki ndani naye.

Swali lako la pili. Wewe huna uwezo wa kumfunga mtu. Utasema ulichokiona, polisi watachunguza, mwendesha mashtaka ataamua, hakimu atasikiliza. Baba anaweza kushtakiwa, sitakuficha. Mama anaweza kushtakiwa au akawa shahidi, na hilo siwezi kukuahidi litaelekea upande gani. Ninalojua ni kwamba mzazi anayekuja mwenyewe kusema, akaonyesha lango, akataja majina ya watoto wengine, hasimami mahali pamoja na yule anayefuatwa. Kabla ya kuandikisha taarifa aonane na wakili. FIDA Kenya huwasaidia wanawake kisheria bila malipo, na Kituo cha Sheria nacho huwasaidia wasio na uwezo. Mpeleke huko. Huo ni msaada ambao binti anaweza kumpa mamake bila kumuuza ndugu yake.

Wapo watakaokuambia unavunja familia. Septemba 2013 polisi wa Bavaria, Ujerumani, waliwaondoa watoto wapatao 40 kutoka jumuiya ya kidini ya Twelve Tribes, waliokuwa wakichapwa kwa fimbo na wazazi wao kwa jina la Biblia. Wazazi walipeleka kesi hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Machi 2018 mahakama iliamua kwamba haki zao za kifamilia hazikuvunjwa, ikikubali kwamba kumtenga mtoto na wazazi ni jambo zito, lakini wazazi wale hawakuwa tayari kuacha fimbo. Wangeacha, mambo yangeonekana vingine. Nalitaja kwa sababu mlango huo uko wazi kwa mama yako leo kwa namna ambayo haukuwa wazi alipokuwa ndani.

Baada ya kupiga 116, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo ambako boma liko, na kituo cha polisi uulize dawati la jinsia na watoto. Hakikisha habari yako imeandikwa na umepewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Nenda na yule mtu aliyetoka mwezi uliopita, kwa kuwa ushahidi wake ni mpya kuliko wako. Kabla ya kwenda, keti na mumeo uandike kila unachokumbuka: majina ya wazee, majina ya watoto, wanalala wapi, lango la nyuma liko wapi, nani hana cheti cha kuzaliwa. Ukigundua kwamba chifu au askari wa hapo ni rafiki wa kiongozi, usibishane naye, panda ofisi ya juu na uwaambie 116 hivyo hivyo. Ndugu yako wa boda boda anaweza kupigwa picha ya eksirei ya ule mkono, lakini akitaka mwenyewe. Akikataa, mwache. Hata hilo la kusema hana mama, mwache nalo.

Mumeo asikusanye vijana wa steji kwenda kuvunja lango. Najua hasira hiyo. Watoto ndio watakaokanyagwa.

Hukuniandikia lolote kuhusu watoto kuguswa kwa njia ya zinaa, nami sikuulizi. Ila kama yalikuwako, au yakijulikana kwa mtoto yeyote atakayetolewa, apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, nguo alizovaa zisifuliwe, matibabu yatangulie na maelezo ya polisi yafuate. Hapa Nairobi huduma hiyo iko Kenyatta, Mama Lucy na Nairobi Women's. Na kama ni wewe, hata baada ya miaka hii yote, kosa kubwa la jinai halifutwi na muda.

Kuhusu binti yako: asilelewe na mama kwa sasa. Sidhani atamchapa. Sababu yangu ni kwamba mpaka leo mama anaeleza kwa nini alikushika, hajasema kwamba alikushika na kwamba hilo lilikuwa baya. Mtu ambaye bado anajitetea kwako hajawa tayari kuachiwa mtoto asiyeweza kusema. Endelea kumlipa yule mama jirani, na usikubali bei ya kulea mtoto ndiyo iamue jambo hili. Mama anaweza kuja Jumapili ukiwa nyumbani, ale, ambebe mjukuu wake. Kusamehe ni kwako na kwa wakati wako. Ukisamehe kesho, bado funguo za nyumba zinaweza kukaa kwako. Na mwambie wazi kitakachobadilisha mawazo yako: aende akaandikishe taarifa kuhusu mwanawe. Akienda, mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia umfungulie mlango, polepole.

Wewe pia unahitaji mtu wa kukusikiliza ambaye si mume wala mchungaji. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozi, na wana washauri.

Ndugu yako akitolewa, huenda asije kwako moja kwa moja. Atapelekwa mahali salama na mahakama ya watoto itaamua akae na nani, nayo hutazama jamaa. Kama wewe na mumeo mko tayari kumpokea, mwambie afisa wa watoto mapema. Akija, huenda asikushukuru. Amefundishwa kwamba wewe ndiwe Misri. Anaweza kuficha mkate chini ya godoro, kuomba ruhusa ya kunywa maji, kumtetea baba kwa machozi. Usibishane naye kuhusu kiongozi. Mpe chakula kwa saa zilezile kila siku, na asinyimwe kwa kosa lolote, hata dogo, hata kwa mzaha. Shule ya msingi ya umma haitamlipisha karo. Zungumza na mwalimu mkuu kabla, umwambie mtoto hajawahi kukaa darasani lakini anajua kusoma, aanzie hapo. Akitaka kumwona mama, uliza kwa afisa ni lini inawezekana na umwambie siku yenyewe. Na akiuliza kwa nini mama alimwacha, usimjibie. Hilo mama atalijibu mwenyewe.